Mwanangu, Anzia Mwaka wa Tatu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza uchukue sayansi ya kompyuta kwa kuwa ndiyo yenye ajira, au saikolojia kwa kuwa unapenda kusikiliza watu na hesabu zimekuchosha. Unataka nikuchagulie. Sikuchagulii, na sababu yake nitakueleza.

Kwanza hizo hesabu. Anayezikimbia akaingia saikolojia atazikuta huko huko zikimsubiri, zimebadili jina tu zinaitwa takwimu. Saikolojia ya chuo kikuu ni utafiti: unapanga jaribio, unakusanya majibu, unapima kama tofauti uliyoiona ina maana au imetokea kwa bahati. Kukaa na mtu na shida zake huja baadaye, mara nyingi baada ya shahada ya kwanza. Na sayansi ya kompyuta nayo si kukarabati mashine. Ni mantiki, ni uthibitisho wa hoja, ni kukesha ukisaka kosa ambalo mwishowe unakuta ni alama moja iliyokaa pasipo pake. Wapo wanaofurahia hayo kweli kweli. Mimi ningelia.

Sasa usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Chukua mtaala wa kila kozi, uruke mwaka wa kwanza ambao kozi nyingi hufanana, ufungue mwaka wa tatu. Soma majina ya masomo taratibu uone lipi linakufanya utake kujua ndani yake mna nini. Kisha, kwa kila kozi, tafuta mtihani wa miaka iliyopita, uchague swali moja, ukae nalo jioni nzima. Hutaliweza, si neno. Ninachotaka kujua ni kama uliangalia saa kila baada ya dakika tano, au ulishtukia giza limeshaingia.

Mimi sikufanya hivyo. Nilisoma uhasibu kwa kufuata mkumbo: alama zangu za hesabu zilikuwa nzuri na marafiki zangu wawili walikuwa wanaelekea huko. Zile alama ndizo zilizonidanganya. Daftari langu la mwaka wa pili ninalo mpaka leo. Katikati ya ukurasa kuna mizania, safi kabisa, kila kitu kimelingana. Pembezoni nimechora majani, jani juu ya jani, mishipa yake yote, ukurasa baada ya ukurasa. Siku moja mhadhiri aliinama akayatazama, akaniuliza kama nimekosea jengo. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Ilinichukua miaka kutambua kwamba lile lilikuwa swali.

Hiyo shahada haikunitupa, nisiikufuru. Ila nakujibu kama mtu aliyechora majani.

Kuhusu kukuchagulia: Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuko, alipelekwa Edinburgh mwaka 1825, ana miaka 16, asomee udaktari kama baba yake. Aliingia chumba cha upasuaji mara mbili, na mara zote mbili akakimbia kabla haujaisha. Dawa ya usingizi ilikuwa bado, na mmoja wa wagonjwa alikuwa mtoto. Baba akabadili mpango, akampeleka Cambridge aandaliwe kuwa mchungaji. Kule kijana akawa anakusanya mbawakawa na kutembea na profesa wa mimea, John Henslow, mambo ambayo shahada yake haikuyadai. Alihitimu 1831, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo akaondoka na meli ya Beagle, safari iliyomfanya mwanasayansi tunayemjua. Baba alikuwa mtu mwenye akili na alimpenda mwanawe, lakini alikosea mara mbili. Sitaki kuwa wa kukosea mara ya tatu.

Ajira usiidharau. Udaktari, sheria na uhandisi kwa kawaida hudai shahada yake yenyewe, hivyo kama moyo wako uko upande huo, sema sasa. Kazi nyingine nyingi huingilika kwa milango zaidi ya mmoja. Uliza pia, kabla ya kujiandikisha, kama chuo kinaruhusu kubadili kozi baada ya muhula wa kwanza, na masomo yapi utahama nayo.

Jumapili nitumie yale maswali mawili, la kompyuta na la saikolojia, pamoja na karatasi ulizoandikia. Usizinakili upya. Nataka kuona na pembezoni.

Mama yako