Mkono ulioumia: minya kwanza, picha baadaye

Ukianza zamu za dharura, mikono itakujia kila siku. Usikimbilie kuandika eksirei. Vidole vyako na maswali yako vitakuambia mengi kabla ya picha.

Chukua kijana wa bodaboda aliyeanguka akajikinga kwa kiganja. Mwambie anyanyue dole gumba. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, kitatokea kishimo kati ya kano. Kibonyeze kwa ncha ya kidole, kisha linganisha na mkono usioumia. Akishtuka kwa maumivu, mchukulie kuwa amevunjika skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo ulio chini ya kishimo hicho, hata picha ikiwa safi, maana ufa wa mfupa huu mara nyingi hauonekani siku za mwanzo. Omba picha maalumu za skafoidi. Zisipoonyesha kitu na kishimo bado kinauma, mfunge plasta, umrudishe baada ya siku 10 hadi 14 umpime na kumpiga picha tena.

Nalisisitiza hili kwa sababu damu ya mfupa huu huingia zaidi kwa upande wa vidole, ndipo irudi nyuma. Ukivunjika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu, kisiunge, hata kife, na miaka ya mbele kifundo kizima kikasagika. Kijana atakuomba umwachie bila plasta, kwa kuwa jioni ana hesabu ya kupeleka kwa mwenye pikipiki. Keti naye umweleze. Ukimtajia jina la mfupa tu, plasta ataivua mwenyewe nyumbani.

Kwenye jeraha la kukatwa, pima hisia pande zote mbili za kidole kabla hujachoma dawa ya ganzi. Ukishachoma, umejifungia mlango. Kisha pima kano moja moja. Shikilia pingili ya kati, mwambie akunje ncha. Usiridhike kuona inakunjika: mpinge kidogo, kwa sababu kano iliyokatika nusu bado hukunja, ila ukiipinga huuma au hulegea.

Kidonda kidogo juu ya konzi, mgonjwa anasema ni chupa? Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu, kama alipiga mtu mdomoni. Jino huweza kupenya hadi ndani ya kiungo. Kidonda hicho usikishone. Kioshe vizuri, anza antibayotiki, mwite daktari wa upasuaji.

Halafu kuna mama anayeamshwa usiku na ganzi, akikung'uta mkono ndipo apate nafuu. Muulize ni vidole vipi. Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete: mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo. Kidole kidogo kikiwemo, tafuta kiwikoni au shingoni pia. Uliza ujauzito, kisukari na tezi ya shingo. Wengi husaidika na kibao cha kulalia kinachonyoosha kifundo. Lakini nyama za mzizi wa gumba zikianza kunyauka, usimwongezee dawa za maumivu. Mwandikie rufaa ya upasuaji siku hiyohiyo.