Je, teknolojia hukumbatiwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu wa kidato cha pili aliandika katika insha kwamba "vijana wakumbatie teknolojia". Mwalimu aliikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Hukumbatiwa mtu." Nani yuko sahihi, na neno lenyewe limetoka wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kumbatia ni neno la Kibantu, na ndugu zake wamefika mbali na pwani: Wachewa wa Malawi husema kumbatira, nao Wabemba wa Zambia husema kumbata. Kiini chake kimo katika ile -ata, ambayo huongezwa kwenye kitenzi kuonyesha kwamba kitu kimegusana na kingine na hakikuachiwa. Anayefumba mkono huenda hana kitu ndani, lakini anayefumbata ana sarafu anayoihisi kiganjani. Vivyo hivyo mama humpakata mtoto mapajani, na ndiyo maana kompyuta inayowekwa hapohapo tumeiita mpakato, jina ambalo binafsi naliona miongoni mwa majina bora tuliyowahi kubuni.

Kuhusu insha, mwalimu amebana mno. Wanasiasa wa Tanzania wamelaumiana kwa miaka mingi kwamba fulani "anakumbatia mafisadi" au "anakumbatia ubepari", na hakuna msikilizaji aliyedhani kwamba ubepari una kiwiliwili. Hata hivyo, tazama kwamba katika matumizi hayo neno hubeba lawama: anayekumbatia ameng'ang'ania kitu alichopaswa kukiachia. Matumizi ya sifa, kama "tukumbatie mabadiliko", yameenea zaidi kupitia hotuba na taarifa zinazotafsiriwa kutoka Kiingereza, na ingawa siwezi kuyaita makosa, masikioni mwangu bado yana ugeni, kwa kuwa tangu hapo tulikuwa na "kupokea kwa mikono miwili", usemi unaotosheleza maana hiyo bila kumshtua mwalimu yeyote.

Kwa hiyo sentensi ya binti isingekatwa. Ingetosha kumwonyesha usemi huo wa pili na kumwachia achague. Na akihitaji nomino, asiishie kwenye kumbatio, kwani lipo pia pambaja, ambalo vitabu vya fasihi vimelitunza kuliko mazungumzo yetu: marafiki waliopoteana miaka mingi wanapokutana stendi, huitua mizigo chini, wakapigana pambaja.