Walimu wapya, ile moja mliyoazima mmeirudisha?

Jumatatu nilipita nje ya Darasa la Pili nikamsikia mwalimu wetu wa ajira mpya akiimbisha: "Mbili toa nane haiwezekani, tunaazima kwa jirani!" Watoto wakaitikia kama kwaya. Nikatamani kuingia nimnyang'anye chaki. Wadogo zangu, hebu kaeni tuongee.

1. Vizibo na vijiti vya kuhesabia si vya siku ya mkaguzi. Vitoeni kabatini.

2. Hilo la kuazima. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mtoto mmoja mpole, hati yake nzuri, lakini hesabu za kutoa kwa kuchukua zote anakosa. 52 − 38, anaandika 24. 61 − 27, anaandika 44. Naweka kosa, anafanya masahihisho, kesho yaleyale. Nikamwita mzembe mbele ya wenzake. Wiki ya tatu nikampigisha magoti.

Kesho yake mama yake akaja, muuza mboga wa gengeni, daftari kalishika kwa ncha za vidole asilichafue. "Mwalimu, nisamehe, kosa ni langu. Aliniuliza, mama, ile moja tunayoazima kwa jirani hairudishwi? Nikamwambia, mwanangu, cha mtu hurudishwa."

Nikalifungua daftari upya. Kila jibu limezidi kumi kamili. Kila moja! Wiki tatu nasahihisha kwa kalamu nyekundu na sikuona. Wenzake walikosa ovyo. Huyu alikosa kwa utaratibu, na adabu juu yake.

Nikamwita mezani, nikampa mafungu matano ya vijiti kumi kumi na vijiti viwili pembeni. "Nipe vinane." Akaangalia vile viwili. Akaniangalia. Akachukua fungu moja, akakata uzi kwa meno, vijiti vikamwagika mezani. Akahesabu vinane akanipa, kisha mafungu matatu. Likabaki fungu moja na vijiti vinne.

"Kumbe si kuazima," akasema, kama mtu aliyetapeliwa. Nilikosa pa kuweka uso.

3. Kabla ya kuweka kosa, uliza: "Umepataje?" Najua mko na watoto tisini darasani. Anza na watano kwa siku.

4. Kazi ya nyumbani, hesabu tano zinatosha. Ukitoa ishirini zitafanywa na dada yake wa Kidato cha Pili, na hati yake mtaizoea.

5. Mzazi usimwambie "msaidie Hisabati", ataogopa, wengi waliachana nayo kwa viboko. Mwambie amtume mtoto dukani na elfu mbili, ataje chenji kabla mwenye duka hajafungua droo. Yule mama wa genge nilimwambia hivyo, akacheka: mwanawe ndiye anayemkagulia mauzo kila jioni, na hajawahi kumpotezea hata mia. Ni mimi tu niliyekuwa namwita mzembe.

Mwalimu mpya nilimwambia haya wakati wa chai. Akauliza, "Sasa niwaimbishe nini?" Usiwaimbishe, wape mafungu wafungue. Jana nimepita tena pale dirishani: nyuzi zimetapakaa sakafu nzima, na mwalimu wa zamu ananung'unika.