Jamani shepadi wa miaka mitatu hajachelewa mchezo wa mbwa wa IGP, ila anzia kwa pua

Ndugu wa Lanet, umeuliza kama dume lako la shepadi (German shepherd) la miaka mitatu, linalofungiwa kenel, yaani banda la mbwa, mchana na kulinda boma usiku, linaweza kuanzishwa IGP saa hii, na watu wamekujibu ati samaki mkunje angali mbichi. Mimi naona wanakukatisha tamaa bure. Mimi niko upande wa Njoro, nilianza na jike mtu mzima ambaye alikuwa ameshazaa, hajui hata kukaa akiambiwa kaa, na leo anafuata nyayo vizuri na anatembea na mimi bila kamba katikati ya watu. Kwa hivyo nitaandika kirefu, nivumilie.

Kwa wale hawajui, IGP ndio ile zamani iliitwa Schutzhund halafu IPO, ni mchezo wa Ujerumani wenye sehemu tatu: kufuata nyayo, utiifu na ulinzi, kila moja ina maksi 100 na lazima upate 70 kwa kila moja ndio upite. Umri uliowekwa ni wa chini tu, BH ambayo ni mtihani wa kuingilia mbwa awe amefikisha miezi 15, IGP 1 ambayo ni daraja la kwanza miezi 18, umri wa juu hakuna. Kwa makaratasi mbwa wako yuko sawa kabisa. Cha kuangalia ni mwili na kichwa.

Mwili usiupuuze. Shepadi wana shida ya nyonga na mbwa anaweza kuwa nayo na bado anakimbia uani ukaona yuko fiti, sasa ukimrusha vizuizi vya IGP kila jioni umemmaliza. Mpeleke kwa veti, daktari wa mifugo, apigwe eksirei ya nyonga na viwiko kabla ya kuruka kitu chochote. Kama amenenepa kwa ugali na kukaa kenel, apunguze kwanza kwa kutembea tu. Na kupe jamani, kupe wa huku ni hatari, mbwa akianza kuchoka ovyo au ufizi umepauka usiseme ni mvivu, kimbia kwa veti siku hiyo hiyo.

Kichwa ndipo kazi yote iko. Mbwa aliyekulia kenel ya Kenya amefunzwa vitu viwili tu, kubwekea geti na kuogopa binadamu akikasirika. Tangu akiwa mdogo kila akishika kitu kwa mdomo, kiatu, kitambaa, amepigiwa kelele, sasa wewe unakuja na mpira unataka aukimbilie kwa furaha, anakuangalia tu kwa sababu anajua hapo ndipo hupigwa. Sio ati hana moyo wa mchezo, alinyang'anywa. Kwa hivyo usianze na amri kabisa. Chukua kipande cha gunia umefunga kwa kamba, kivute chini kama kitu kinachotoroka, akikigusa tu msifu, akikishika mwachie akimbie nacho, ashinde, halafu funga mchezo akiwa bado anataka. Dakika chache zinatosha. Wengine huchukua wiki nyingi bila kuonyesha chochote halafu siku moja macho yanawaka, usikate tamaa kabla ya hapo.

Na chakula acha kumwagia kwa sufuria kila jioni akule akiwa peke yake. Kitoke mkononi mwako, kidogo kidogo, akikuangalia usoni apate, akikufuata apate. Sisemi umnyime, ni chakula chake kile kile anakipata kwa kazi. Mimi hutumia matumbo yaliyochemshwa na kukatwa vidogo, na omena wa Kisumu, wale dagaa wakavu, chambua mchanga na uwaoshe chumvi kama wametiwa. Harufu ya omena hakuna mbwa ataikataa.

Hapo ndio uingie nyayo, na hii sehemu ndio nzuri zaidi kwa mbwa mkubwa kwa sababu haitaki klabu wala mtu mwingine, na mbwa aliyetulia huwa mzuri kuliko kijana mwenye papara. Tafuta shamba lililolimwa au nyasi fupi, asubuhi mapema kukiwa na umande kabla jua halijapanda. Kanyaga kanyaga mahali padogo pa mraba, mwaga omena ndani, mlete anuse akule. Akishaelewa, tembea hatua fupi mstari mmoja ulionyooka, weka omena kwa kila unyayo, na upepo uwe mgongoni ili asinyanyue kichwa kunusa hewani. Wewe tulia nyuma na kamba, usimwelekeze, usiongee. Polepole unaruka nyayo zingine bila chakula, unaongeza kona, unaacha njia ikae kabla ya kumleta. IGP 1 ni hatua 300 ulizotembea mwenyewe na zimekaa dakika 20, IGP 3, daraja la juu, ni hatua 600 za mtu mgeni na zimekaa saa nzima, kwa hivyo ona safari ilivyo ndefu na usikimbie.

Kung'ata weka mwisho kabisa. Najua ndicho kitu umeona kwa vidio ukapenda, lakini kuna watu hapa watakuja na gunia na fimbo wakuambie wanamfunza ulinzi, wanamtisha mbwa amefungwa kwa mti mpaka ang'ate kwa woga. Mbwa wa hivyo ataumiza mtoto wa jirani. Kwenye IGP mbwa anatakiwa abweke mbele ya mtu aliyesimama bila kumgusa, ang'ate tu mkono wa kinga, ile kinga nene mtu huyo huvaa mkononi, na aachie akiambiwa mara moja, na hiyo haifundishwi bila mtu aliyesomea kazi ya kuvaa ule mkono. Kama hujampata, kaa na nyayo na utiifu, hakuna hasara.

Tena BH yenyewe haina kung'ata hata kidogo. Nusu yake ni barabarani: mbwa apite katikati ya watu, baiskeli, magari, mbwa wengine, afungwe pembeni peke yake atulie. Dume lako pengine halijawahi kuvuka geti, hapo ndipo litasumbuka. Mpeleke karibu na steji ya bodaboda lakini mbali vya kutosha kwamba bado anakula omena mkononi, akikataa chakula ujue umekaribia sana, rudi nyuma. Kila wiki sogea kidogo.

Swali lako la mwisho, kama ataendelea kulinda usiku, ndiyo ataendelea, ila usimtoe mazoezini alfajiri akiwa amekesha. Usiku wa kuamkia siku ya nyayo mlaze, soja wa geti ashike zamu peke yake, na mambo ya mpira na utiifu yafanye saa kumi na moja jioni jua likipoa. Picha ya nyonga ikitoka niandikie hapa chini veti amesemaje, halafu nikuambie tuanze vizuizi lini.