Kabla hujaongeza viungo, angalia moto, maji na chumvi

Watu wakila chakula kikawanogea swali la kwanza huwa ni "umeweka nini humu?" na mi kila siku nasema ulizeni niliweka lini na moto ulikuwaje. Mana unaweza kuwapa watu wawili vitu vile vile kabisa, kitunguu, nyanya, saumu, mafuta, chumvi na kuku mmoja wakagawana nusu kwa nusu, huyu ukala mchuzi wake ukaomba nyongeza na yule mchuzi wake una ladha ya maji ya nyanya tu. Nimepikia familia miaka mingi, siku ambazo kuna kila kitu na siku ambazo kwenye friji kuna mayai na nusu kabichi, na nina uhakika kwamba mtu akijua moto wake na akajua chumvi inaingia saa ngapi anaweza kupika chakula kitamu kwa vitu vichache sana. Kwahiyo leo nawapa yale ninayoyafanya jikoni kwangu kila siku, chukua kinachokufaa.

Naanza na kitunguu na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mapishi mengi yanaharibikia hapa hapa. Kitunguu kina maji mengi mno, karibu asilimia 90 ya uzito wake, na maji yanachemka kwenye nyuzi 100, wakati ile rangi ya kahawia na ile harufu inayomtoa mtu chumbani kuja kuuliza leo tunakula nini inataka joto kubwa zaidi ya hapo, kama nyuzi 140 hivi. Maana yake kitunguu kikiwa bado kinatoa maji hakiwezi kubadilika rangi hata ukoroge vipi, lazima maji yatoke kwanza. Na huna haja ya kukikodolea macho, tumia masikio. Binti wa kaka yangu alinipigia simu siku moja, "shangazi, mchuzi wangu kila siku mwepesi, hauna ladha, na nyanya naweka nyingi tu," nikamwambia hebu sogeza simu kwenye sufuria nisikie. Nikasikia ile sauti nzito ya maji, fwaaaa, na yeye ndo kashashika bakuli la nyanya anataka kumwaga. Nikamwambia bado mwanangu, hicho kinachemka, hakijaanza kukaangika, subiri. Tukaendelea kuongea habari za nyumbani, baada ya muda ile sauti ikapungua ikabaki ya kutatarika kidogo kidogo, nikamuuliza unaona nini, akasema kimenywea, kinang'aa, na pembeni kimeanza rangi ya dhahabu. Nikamwambia haya sasa.

Kwa mchuzi wa kawaida mimi nakipa dakika 10 hadi 12 moto wa wastani. Chumvi kidogo mwanzoni inasaidia kuvuta maji yatoke mapema. Kikianza kushika chini usiogope na usikimbilie kuongeza mafuta, weka kijiko kimoja cha maji ukwangue kwa mwiko, ule ukahawia ulioganda chini ya sufuria ndo ladha yenyewe hiyo, ukiuosha kwenye sinki umemwaga utamu. Ila kama unataka kitunguu kile kilicholainika kabisa mpaka kinakuwa kitamu chenyewe, cha kuweka juu ya nyama au kwenye mkate, hiyo ni moto mdogo na dakika 40 au zaidi, na mapishi yanayokwambia kinaiva hivo kwa dakika 5 usiyaamini kabisa.

Kitunguu saumu kinakuja baada ya hapo, siyo pamoja, mana kile kimekatwa kidogo kidogo na kinaungua haraka, na kikiungua kinaleta uchungu ambao hauondoki. Nusu dakika, dakika moja, harufu ikipanda basi. Viungo vya unga navyo naviweka hapo hapo kwenye mafuta kabla ya kitu chochote chenye maji, kwa sababu harufu nyingi za viungo zinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ukivimwaga juu ya mchuzi uliojaa maji vinaelea tu na unabaki na ladha ya unga unga. Alafu nyanya, na nyanya usizionee huruma, zipike mpaka zipondeke, zikauke, na uone mafuta yanajitenga pembeni. Hapo ndo uongeze maji.

Hiyo habari ya maji na rangi ndo hiyo hiyo kwenye kuku na nyama. Kuna mwanakemia Mfaransa anaitwa Louis-Camille Maillard, mwaka 1912 ndo alieleza kinachotokea pale protini na sukari zinapokutana na joto, na ndo chanzo cha rangi na harufu ya mkate uliookwa na nyama iliyokaangwa. Sasa ukiweka kuku aliyelowa kwenye kikaango moto wote unaishia kukausha maji, kuku anachemka kwa mvuke wake mwenyewe anatoka mweupe na mgumu. Mfute kwa taulo la karatasi mpaka akauke. Kama una nafasi mpake chumvi tangu usiku umuache kwenye friji, chumvi inaingia ndani na ngozi inakauka, kesho yake huhitaji kitu kingine chochote zaidi ya pilipili manga. Kikaango kipate moto kwanza, na usijaze vipande, acha nafasi katikati, bora upike mara mbili. Na ukishamlaza muache atulie, akishika rangi atajibandua mwenyewe, ukilazimisha kumgeuza unachana ngozi.

Na jamani kuku mbichi msimuoshe. Najua wengi hapa hatukubaliani, tumekuzwa tukiona anaoshwa, lakini yale matone yanaruka kwenye sinki, kwenye vyombo, kwenye kachumbari uliyokata pembeni, na yanabeba bakteria kama salmonela. Maji ya bomba hayawaui, kinachowaua ni moto, kuku afike nyuzi 74 ndani kabisa penye nyama nene. Kipima joto cha jikoni ni kitu kidogo lakini kinaondoa wasiwasi wote, mi nilivyoanza kukitumia nikaacha kukausha kuku kwa kuogopa hajaiva.

Maharage nayo nina la kusema. Loweka usiku kucha kwenye maji yenye chumvi kidogo, wengi wanasema chumvi inayafanya magumu ila mimi naona kinyume chake, ganda linalainika vizuri na ladha inaingia mpaka ndani. Kinachochelewesha maharage kuiva ni vitu vichachu, kwahiyo nyanya na ndimu zisubiri mpaka yameiva kabisa. Na yale mekundu makubwa ni lazima umwage maji uliyolowekea, uweke mapya, alafu uyachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla hujapunguza, mana yakiwa mabichi au nusu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuumwa tumbo vibaya sana. Ukiyatupia moja kwa moja kwenye yale masufuria ya umeme ya kupika taratibu joto linaweza lisitoshe kuiondoa, yachemshe kwanza pembeni.

Wali kiporo ni mtamu na unaokoa siku, lakini uwe na adabu nao. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka, wali ukikaa mezani kutwa nzima vinazaliana na kuacha sumu ambayo hata ukipasha haitoki. Ukimaliza kula utandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, uingie friji ndani ya saa moja au mbili. Kesho yake ndo unafaa kukaangwa, mana umekauka, punje zinaachana, ule wa moto moto unagandana kama uji. Moto mkali, mafuta kidogo, kitunguu na karoti na kabichi iliyokatwa nyembamba, mboga ziguswe tu na moto zibaki na ugumu kidogo ukitafuna, wali uingie, utandaze utulie kidogo ushike chini, alafu geuza. Sukuma pembeni, vunja mayai mawili pale palipobaki wazi, yakianza kuganda changanya vyote. Uwe wa moto kweli kweli unafuka moshi kabla ya kula.

Mayai ya kuchemsha nitasema haraka. Yaweke kwenye maji yaliyokwisha kuchemka, usianze na ya baridi, ganda litatoka vizuri zaidi. Dakika 7 kiini kina ulaini, 10 hadi 12 kimeganda, alafu yote kwenye maji ya baridi sana. Ile duara ya kijani kijani kuzunguka kiini ni dalili umeyapitisha, haina madhara.

Sasa chakula kimeiva, umeonja, unaona kimepooza tu na hujui kinataka nini. Wengi hapo wanaongeza chumvi, wanaongeza tena, mpaka inazidi. Chota kijiko kimoja pembeni, kamulia tone la ndimu au siki, onja. Mara nyingi sana utashangaa, ladha zote zinaamka, hasa kwenye maharage, supu na mboga za majani. Na chumvi ikizidi usihangaike na habari ya kutumbukiza kiazi eti kivute chumvi, kiazi kinanyonya maji yenye chumvi kama kingenyonya maji yoyote, kile kilichobaki kwenye sufuria kina ukali ule ule. Ongeza maji, au nyanya, au mboga isiyo na chumvi, upate chakula kingi zaidi, basi.

Niwaachie pishi moja la jioni umechoka na hutaki kufikiri. Kitunguu kimoja kikubwa ukikaange kama nilivyoeleza pale juu, bila haraka. Saumu punje 3, pilipili hoho ukipenda, kijiko kidogo cha bizari nyembamba na pilipili kidogo ya unga kwenye mafuta. Nyanya 5 au 6 zilizoiva ukizikata kata, chumvi, zipike dakika 15 mpaka ziwe rojo nzito ambayo ukipitisha mwiko unaona chini ya kikaango, zikiwa bado nyepesi subiri, mayai yakiingia kwenye maji maji yanasambaa. Onja hapo, rekebisha chumvi sasa na siyo baadae. Chimba vishimo kwa kijiko, vunja yai kwenye kikombe kwanza ndo umimine kishimoni, funika, moto mdogo dakika 5 hadi 8. Zima jiko ute ukishakuwa mweupe wote na kiini bado kinacheza ukitikisa, mana kikaango kina joto na yai linaendelea kuiva huku unatafuta mkate. Kama mezani kuna mjamzito, mzee au mtoto mdogo, yai lake liache mpaka kiini kigande kabisa.