Krediti za kolej ukiwa bado high school: maswali yenu

Binamu yangu ako Minnesota, mtoto wake yuko high school na bado anasoma kolej, tena bure. Ni ukweli ama ananibeba ufala? – Msomaji, Kisii

Ni ukweli. Hiyo kitu inaitwa PSEO na Minnesota wako nayo tangu 1985, mtoto wa gredi 11 ama 12 anaingia kolej anasoma yuniti, zinahesabika kwa high school na kwa kolej pia (hiyo ndio krediti), na karo na vitabu jimbo ndio linalipa. Sisi huku Kenya bado. KCSE, mtihani wetu wa fom foo, hata ukipiga A ya hesabu inakufungulia mlango wa chuo tu, yuniti za fasti yia utazisoma kama wengine wote.

Niko fom foo Nakuru, naona C plain ikikuja. Nikianza na diploma si nitapoteza miaka? – Msomaji, Nakuru

Wee, tulia. Hiyo ndio njia yetu ya krediti, ni vile tu hatuipigii kelele. C minus inatosha diploma, na ukimaliza vizuri, ukiomba digrii ya kozi hiyo hiyo, vyuo vingi vinakuanzisha mwaka wa pili. Lakini kanuni za Commission for University Education, wale wanasimamia vyuo vikuu, haziruhusu zaidi ya asilimia 49 ya yuniti zihamishwe, so usidhani diploma itamaliza digrii. Na hapa ndio watu wanachomeka: anasoma diploma ya catering halafu anataka IT, hapo hakuna cha kuhamisha. Kabla hujalipa karo angalia kama kolej imesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali ya kolej za ufundi, halafu nenda kwa ile yunivasiti unataka, iwe Egerton, Maseno ama Masinde Muliro, uulize diploma gani wanakubali na wakuandikie. Neno la mdomo la mtu wa admishen halishiki. Na kozi autilaini za kila yuniti usitupe, watakuitisha.

Binti yangu anataka Marekani. AP ama A level? – Mama wa Kakamega

Kama shule yake inafanya A level, ile mitihani ya mtaala wa Uingereza, kaa hapo, vyuo vingi vya Marekani vinatoa krediti kwa gredi nzuri. AP ni mtihani wa Marekani wa kiwango cha chuo, unafanywa Mei ukiwa high school, alama 1 mpaka 5, vyuo vingine vinakubali 3, wengine wanataka 5, na kuna wenye hawatoi krediti kabisa. Shida ya AP huku ni pa kufanyia, na usajili kawaida unafungwa Novemba, so anza kutafuta senta mapema.

Niko na cheti ya kozi ya onlaini ya wikendi moja. Nipeleke chuo? – Msomaji, Bungoma

Weka kwa CV.

Kolej imeshikilia transkripti yangu juu ya balansi ya karo, na yunivasiti inaitaka. – Msomaji, Kisumu

Bila transkripti hakuna mtu atakuhesabia yuniti, pole. Enda ofisi ya fainansi na mzazi, ombeni kulipa polepole, na muulize kama wanaweza kuituma moja kwa moja kwa yunivasiti mkishaandikiana.