Kabla hujanunua dadu ya pande 7

Seti ya kawaida ya michezo ya kuigiza mezani ina dadu saba: za pande 4, 6, 8, 12 na 20, na mbili za pande 10. Inatosha kabisa. Lakini kikundi chetu hapa Moshi hakuna aliyepona: ukishaona picha ya dadu ya pande 24 au 30, mkono unaanza kuwasha.

Tuliza kwanza. Dungeon Crawl Classics, mchezo unaotaka dadu za pande 3, 5, 7, 14, 16, 24 na 30, unachezeka kwa seti hiyohiyo. Ukitaka 1 hadi 5, rusha ya pande 10, gawa kwa mbili, ikibaki nusu panda juu. Ukitaka 7, rusha ya pande 8. Ikija 8, rudia. Kwa 30, rusha ya pande 10 (sifuri ni 10) pamoja na ya pande 6. Ya pande 6 ikitoa 1 au 2, namba ibaki ilivyo. 3 au 4, ongeza 10. 5 au 6, ongeza 20.

Bado unawashwa? Nunua ya 24 au ya 30. Nyuso zake zote zinafanana, hakuna upande unaopendelewa na umbo. Ya 7 ndiyo naitilia shaka. Yangu ni mche, yaani umbo kama nguzo fupi, wenye vitako vya pembe tano: nyuso tano za ubavuni, vitako viwili. Nafasi ya kuangukia kitako inategemea unene wa mche, na hata mahali unaporushia. Kwenye sakafu ya saruji haina tabia ileile ya kwenye kitambaa. Kwangu ni pambo.

Ya pande 100, aliyoitoa Mmarekani Lou Zocchi mwaka 1985, inabingirika mpaka wachezaji wanaanza stori nyingine. Dadu mbili za pande 10, moja makumi, nyingine mamoja, zinamaliza kazi bila mtu kuinama chini ya kochi.

Za plastiki zipime: koroga chumvi kwenye maji ya vuguvugu mpaka dadu ielee, halafu izungushe kwa kidole mara nyingi. Upande uleule ukiibuka kila mara, uzito wake hauko sawa, huenda ndani kuna kiputo. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu umbo, kwa hiyo ile ya 7 haiponi hapa. Za chuma zitazama tu. Ukimaliza, suuza, maana chumvi ikikaukia kwenye tarakimu hazisomeki vizuri.